Balozi na Mguu Wangu wa Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Nesi Yvette wa mazoezi ya viungo kanipima mapaja kwa utepe wa fundi cherehani. La kushoto limenenepa. La kulia limesinyaa. Kasema mfupa umeunga vizuri, vyuma vimekaa, kilichobaki ni mimi mwenyewe. Nitembee kila siku kutoka nyumbani hadi koka na kurudi. Na nitafute cha kunipumbaza, maana mtu akikaa kibarazani kutwa akihesabu baiskeli za watu, akili nayo huanza kuchechemea.

Koka ni lango la maji la kijiji chetu. Bahari ikijaa unalifunga, ikitoka unalifungua, mashamba yanapumua. Nimeilinda koka hiyo miaka kumi na tisa. Oktoba nilipanda juu ya paa lake kufunga waya wa redio, nisikilize kriketi bila mikwaruzo. Nikaanguka. Paja vipande viwili, nyonga ufa, wiki tisa hospitalini Georgetown. Na mechi yenyewe tulishindwa.

Sasa koka anaishikilia Eustace Bovell. Mwenyekiti wa baraza la kijiji kanipa tarehe 17: nipande vipandio vyote ishirini na viwili vya ngazi ya koka mbele ya watu, bila mkongojo, bila kuchechemea. Anayechechemea juu ya maji ataanguka tena, ndivyo alivyosema. Nikishindwa, Bovell hashikilii tena, inakuwa yake. Nimemwambia mke wangu Drupattie kwamba sina wasiwasi. Nina wasiwasi. Bila koka mimi ni mzee mmoja tu mwenye mkongojo.

Jumanne, 4 Machi

La kunipumbaza limepatikana. Drupattie alitaka nilime biringani. Nimekataa, biringani hazishindi kitu. Shemeji kaniletea ndege wa mashindano ya kuimba kutoka mbuga za Rupununi, towa mweusi, mdogo, mwenye dharau. Nimempa jina Balozi.

Ndege wa mashindano lazima abebwe. Dukani, kwa kinyozi, popote uendapo na tundu mkononi, mpaka azoee watu na mbwa na upepo. Asiyebebwa haimbi mbele za watu. Tarehe 16, Jumapili asubuhi, ndio mashindano: matundu mawili yanatundikwa kwenye miti miwili, wa kwanza kufikisha milio hamsini kashinda. Bingwa ni Meya, ndege wa Bovell, msimu wa tatu huu.

Mpango wangu: Jumapili nimvue Bovell ubingwa, Jumatatu nimvue koka. Drupattie kafurahi. Kasema ndege atabebwa na mguu utatembea, huko ndiko kuua ndege wawili kwa jiwe moja. Nimemwomba asirudie maneno hayo mbele ya Balozi.

Jumatano, 5 Machi

Nimetembea. Nimefika daraja la pili tu. Mguu uliwaka moto kuanzia nyonga hadi goti.

Bovell kanipita kwa baiskeli, Meya kaning'inia kwenye usukani anaimba kama kalipwa. Kapunguza mwendo mbele ya duka, kwenye watu, akaniuliza, "Pole, Deo. Kati yako na huyo ndege, nani anamtembeza mwenziwe?" Dukani wakacheka, hata mwenye duka, ambaye nilidhani ni rafiki yangu. Nilipata jibu zuri sana. Bovell alikuwa keshafika msikitini.

Alhamisi, 6 Machi

Wazo. Balozi anahitaji kubebwa. Mguu wangu unahitaji kupumzika. Haya ni mambo mawili tofauti na nesi kayachanganya.

Mjomba Sammo hupita kila asubuhi na mkokoteni wa nazi, hadi koka na kurudi. Punda wake, Malkia, alinasa mguu darajani zamani, anachechemea mguu wa nyuma wa kulia. Drupattie husema tukiongozana barabarani, mtu hajui ampe nani pole kwanza. Tumekubaliana hivi: natembea hadi kona ya kinu cha mpunga, nyumbani hawaoni. Hapo napanda, natundika tundu nyuma ya Sammo, najilaza juu ya magunia. Kurudi, nashukia palepale.

Sammo kauliza kama nesi anajua. Nikamwambia nesi alitaja umbali, hakutaja usafiri.

Jumamosi, 8 Machi

Balozi kaimba! Milio ishirini na mitatu kabla ya msikiti, thelathini na mmoja kurudi. Sammo anadai ndege kampenda Malkia. Nimemwambia ni sauti yangu, maana nilikuwa namsemesha njia nzima, nilipokuwa macho.

Kabla ya kuingia nyumbani najimwagia maji ya mfereji mgongoni, napaka vumbi viatuni. Leo Drupattie kaniona nimelowa hivyo, kanipikia mchuzi wa hasa, yule samaki wa mitaroni, na kunipakulia yeye mwenyewe, vipande vikubwa vyote kwangu. Nimekula. Vilikuwa vitamu kuliko nilivyostahili, lakini nimekula.

Jumatatu, 10 Machi

Kwa nesi tena. Utepe ukapita. Paja la kulia halijaongezeka hata uzi. Akauliza nimetembea kiasi gani. Nikamtajia. Akachukua mkongojo wangu, akaugeuza, akaitazama raba ya chini. Mpya, ina hata alama za kiwandani. Nikaeleza kwamba mimi hukanyaga kwa upole. Hakuandika kitu.

Drupattie, tuliyekwenda naye, alitembea mbele yangu njia nzima. Tulipofika nyumbani ndipo akaanza, taratibu, huku anachambua dengu. Kasema miezi mitano kanibeba kitandani, kanibeba chooni, hakuchoka, wala hakuona aibu. Lakini nikimfanya mjinga, hapo atachoka. Kisha kaendelea na dengu zake.

Imeniuma. Imeniuma kweli, na si mguuni. Kuanzia kesho natembea.

Jumanne, 11 Machi

Kabla ya kutembea nimeona nimjaribu Balozi kwanza, kama mashindanoni: tundu limetundikwa kibarazani, limetulia, mimi kitini na chaki.

Kimya. Saa nzima kimya. Nikapiga mluzi. Nikaimba bhajani za hekaluni. Jirani akauliza nani mgonjwa. Saa ya pili ndege kanipa mgongo.

Ndipo mkokoteni wa Sammo ukapita barabarani. Ko-ko-ko, kruu. Ko-ko-ko, kruu. Balozi kasimama wima akamwaga milio kumi na saba. Malkia alipopotea konani, naye akafunga mdomo.

Nimekaa hapo na chaki yangu. Kila mfugaji wa pwani hii anajua, hata mtoto anajua: ndege huimbia mwendo aliolelewa nao. Wa polisi huimbia buti, wa muuza maziwa huimbia kengele. Wangu kalelewa na punda kiwete. Jumapili si mbali, na punda haruhusiwi uwanjani. Nimeuliza.

Jumatano, 12 Machi

Vifuu viwili vya nazi. Nimegonga mezani mwendo wa Malkia asubuhi nzima. Balozi kanitazama kama mwalimu anavyomtazama anayenakili. Drupattie kaja na chai, kaona vifuu, kaweka chai, kaondoka.

Nikasema potelea mbali. Nikainuka kwa hasira kwenda kumwaga chai. Gu, kruu. Gu, kruu. Mkongojo na mguu.

Balozi kaimba.

Nikasimama. Akanyamaza. Nikaenda. Akaimba. Nimezunguka meza mara arobaini, na nikagundua jambo ambalo Drupattie alilisema bure siku zote: mimi na Malkia tunachechemea sare. Kwa hiyo nikitaka ubingwa, lazima nitembee. Nisieleweke vibaya. Ni kwa ajili ya ndege.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya pili hadi koka na kurudi, kwa miguu. Sammo kapunguza mwendo mara mbili akidhani tumegombana.

Leo nimeshika reli ya ngazi ya koka. Kutoka pale chini nilisikia maji yakigonga mbao, upande wa bahari na upande wa mashamba, kama siku zote. Nilipakumbuka kule juu. Gurudumu la kuinulia lango halijatiwa grisi tangu Oktoba. Nikamwambia Bovell. Kajibu kwamba koka ni yake mpaka Jumatatu, na pengine baada ya Jumatatu, na gurudumu halijalalamika. Halafu kanitazama mguu, kasema mwendo umekuwa mzuri. Hakutania. Sikupenda hata kidogo.

Raba ya mkongojo imelika upande mmoja. Nimeiacha mlangoni, Drupattie aione mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Niandike yote kabla sijayasahau vizuri.

Mashindano, saa moja asubuhi. Meya mti wa kushoto, Balozi wa kulia, mwamuzi katikati na ubao na chaki. Kanuni inasema mwenye ndege asiguse tundu, asipige mluzi, asiseme. Haisemi asitembee. Nikaanza kuzunguka. Gu, kruu. Balozi akafunguka. Bovell kalalamika, mwamuzi kasema mgonjwa kaambiwa na daktari atembee, kijiji kizima kinajua.

Ishirini kwa kumi na nane. Thelathini na tano kwa thelathini na tatu. Sisi mbele! Nikaongeza mwendo. Moyo ulinidunda, miguu ikaufuata, nikawa nakata kona kama kijana anayechelewa sinema. Arobaini na saba kwa arobaini na nne.

Arobaini na saba.

Bado arobaini na saba.

Nikazunguka kwa kasi zaidi. Balozi kaninyamazia, kainamisha kichwa, ananitafuta wakati niko mbele yake. Ndipo nikauangalia mkono wangu. Mkongojo haukuwepo. Ulikuwa umelala kwenye nyasi, hatua thelathini nyuma, na mimi nilikuwa natembea wima, miguu miwili, kama mtu asiyejua koka ni nini. Nikajaribu kuchechemea. Nilisahau ni mguu upi. Meya akafika hamsini.

Drupattie kaja mbio uwanjani, kanikumbatia mbele ya watu wote, analia. Nilimwambia asilie, ilikuwa milio mitatu tu. Kasema, "Unatembea, mjinga wewe. Unatembea." Akazidi kulia. Nesi Yvette naye alikuwa anapiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyenipa pole ya ndege.

Jumatatu, 17 Machi

Saa tatu, koka. Mwenyekiti na daftari, nesi na utepe wake, nusu ya kijiji. Drupattie kavaa sari ya harusi za watu. Balozi nilikuja naye, maana ndege lazima abebwe. Nikalitundika tundu kwenye msumari chini ya ngazi.

Nikapanda. Kimoja, viwili, vitano. Mguu hauna habari. Kumi. Niliusikia upepo wa bahari usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nianguke sikuogopa chochote. Kumi na tano. Mwenyekiti alikuwa keshafungua kalamu.

Bovell akasema kule chini, si kwa sauti kubwa, akimwambia mwenye duka, "Mguu umepona, ila ndege ndiyo basi tena. Yule haimbi tena maishani."

Ningemwacha. Mtu mwenye akili angemwacha. Vilibaki vipandio saba.

Kipandio cha kumi na sita nikachechemea. Kidogo tu. Balozi akapiga mlio mmoja. Watu wakageuka. Cha kumi na saba nikaburuta vizuri, kruu, akapiga minne. Watu wa dukani wote wakaanza kuhesabu kwa sauti. Nesi Yvette kaniita jina langu kamili. Nikaendelea. Nilichechemea kama sijawahi kuchechemea hata nilipotoka hospitali, na nilipofika juu nikageuka nikashuka vipandio vinane kwa mwendo uleule, maana tulikuwa arobaini na moja na singeweza kumwacha pale.

Hamsini na mbili! Bila punda! Bovell kavua kofia. Mwenyewe, mbele ya mashahidi. Kakubali marudiano tarehe 30.

Mwenyekiti kafunga daftari. Kasema kasikitika sana, lakini macho yake yameona alichokiona, na mtu wa mwendo ule hawezi kuachwa juu ya maji. Koka ni ya Bovell. Tukaonane mwakani, Mungu akipenda.

Nilipomtafuta Drupattie alikuwa keshaondoka. Nimemkuta nyumbani, kavua sari, kaikunja. Hakugomba. Kachukua mkongojo, kautupa mferejini, kaniambia chakula kimo jikoni na nijipakulie mwenyewe, miguu ninayo. Nimejipakulia. Kimepoa. Kutoka kibarazani naona taa ya koka, na kivuli cha Bovell kikizungusha gurudumu lisilo na grisi. Nimekitazama muda mrefu. Imeuma.

Lakini hamsini na mbili.

Kesho alfajiri nitamwona Sammo. Balozi arudi mkokotenini na mimi nirudi kwenye magunia, maana kutembea ndiko kulikoniharibia mwendo. Na kisigino cha kiatu cha kulia nimeshakikata nusu inchi, mguu usije ukapona tena bila kunitaarifu.