Filamu ya Mashujaa Wawili

Siku Dairekta alipogeuka kuwa dairekta, alikuwa ameingia ukumbini kwa ajili ya chai tu. Mlangoni palibandikwa karatasi: semina ya bure kwa watengeneza filamu wa kujitegemea, chai na vitafunwa vipo. Yeye hakusoma zaidi ya vitafunwa.

Tumtendee haki: hakuwa mtu wa kukaa bure. Aliwahi kuwa wakala wa viza za nchi isiyo na ubalozi, mpimaji wa viwanja vya watu wengine na, kwa wiki mbili za mvua, daktari wa meno. Kazi zote hizo aliziacha kwa hiari yake, na kwa kawaida kupitia dirishani.

Mbele ya ukumbi alisimama mkufunzi aliyevaa kizibao cha mifuko kumi na minne, yote mitupu. "Filamu huru haitengenezwi kwa fedha," alisema. "Inatengenezwa kwa kuomba. Omba nyumba, omba gari, omba nguo. Mtu akijua atatokea kwenye picha, atakupa kitanda chake, alale chini."

Wanasemina walishusha pumzi wakaandika. Dairekta aliacha kutafuna. Miaka yote hiyo amehangaika na mihuri ya kuchonga, kumbe kuna watu wanatoa vitu wenyewe, tena wakicheka.

Jirani yake kwenye kiti cha kushoto alikuwa mwanamke mwenye begi la kamera mapajani. Mtaani walimwita Dada Harusi, kwa sababu alipiga video za harusi za watu wote huku ya kwake akiwa hana haraka nayo. Alikuwa na chumba nyuma ya kinyozi, kamera aliyoinunua kwa jasho, na filamu kichwani tangu zamani. Shida yake ilikuwa moja: hakuweza kuomba. Chumvi ikimwishia, aliona heri ale chakula bila chumvi kuliko kugonga mlango wa jirani.

"Dada yangu," Dairekta alimnong'oneza, "nina filamu kubwa inaanza wiki hii. Namtafuta mkuu wa kamera. Malipo ni asilimia, baada ya mauzo."

"Umeshatengeneza filamu zipi?"

"Nyingi mno. Ila mimi sipendi jina langu litokee."

"Na lenzi, unapendelea ya milimita ngapi?"

"Zote. Mimi sibagui."

Dada Harusi alitazama viatu vyake vilivyong'aa, mikono isiyo na kalamu, na andazi la nne aliloficha kwenye leso. Kisha akafunga zipu ya begi lake. "Tunaanza lini?"

Dairekta alijipongeza kimoyomoyo. Ameingia mkenge, alisema. Hilo tuliache hapo kwanza.

Mteja wa kwanza alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anayeitwa Bosi Saruji. Dairekta aliingia dukani, akatengeneza fremu kwa vidole vyake, akamtazama mwenye duka kupitia humo bila kusalimu.

"Unatafuta nini, bwana?" aliuliza Bosi Saruji.

"Nimeshakipata. Samahani, mzee wangu, ulishawahi kuigiza?"

"Mimi? Tangu lini?"

"Basi ni bahati mbaya kwa taifa. Hilo taya lako, kamera inalitafuta usiku na mchana."

Bosi Saruji alilishika taya lake, ambalo kwa miaka hamsini na mitatu alilitumia kutafunia tu. Jioni hiyo alikuwa ameshalipa mchango wa mshiriki mkuu, ametoa gari lake la kubebea mizigo litumike bure, na ameanza kuongea na wateja akiwa amegeukia dirishani, mahali penye mwanga mzuri.

Huyo angetosha. Lakini tamaa nayo ni njaa, na ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la magodoro. Mwenye duka, Bwana Godoro, alikuwa hasimu wa Saruji tangu walipogombea sehemu ya kuegesha magari, na ugomvi wenyewe wote wawili walikuwa wameshausahau. Chuki tu ndiyo iliyobaki, wakaitunza vizuri.

"Nasikia yule wa ng'ambo anaigiza," alisema Bwana Godoro.

"Anaigiza, ndiyo," Dairekta alijibu kwa huzuni. "Ndiye mwovu wetu. Anachapwa mwishoni. Sasa tunamtafuta shujaa wa kumchapa."

Bwana Godoro alitoa nyumba yake yenye ghorofa, akatoa mchango mara mbili ya ule wa Saruji, na akataka kujua kama kumchapa huko kunaweza kurudiwa mara kadhaa.

Ndivyo filamu ilivyopata mashujaa wawili na isipate mwovu hata mmoja. Dairekta hakujali, maana kwa hesabu yake filamu yenyewe isingekuwapo. Lakini siku ya kupiga picha lazima ifike, vinginevyo watu wataanza kuuliza maswali. Alimwendea Dada Harusi akiwa ametota jasho.

"Wakikutana hawa, tumekwisha."

"Hawatakutana," alisema Dada Harusi, akisafisha lenzi kwa kitambaa laini. "Tunampiga Saruji leo, amemkodolea macho mtu aliyeketi kwenye kiti. Kesho tunampiga Godoro, naye anakodolea kiti hichohicho kutoka upande wa pili. Nikiunganisha, mtazamaji ataapa walikuwa chumba kimoja wanatukanana."

Dairekta alifuta jasho kwa leso. "Kumbe filamu yenyewe ni utapeli."

"Ni ufundi."

"Tofauti yake nini?"

"Tapeli anaondoka kabla ya mwisho."

Dairekta alicheka, akajitolea kukaa kwenye kile kiti, ili mwigizaji awe na macho ya kuyatazama. Akawa anakaa kila siku. Asubuhi kabla waigizaji hawajafika, Dada Harusi alimweka hapo, akambandika kinasa sauti kidogo kwenye ukosi, akavuta pazia la dirisha nusu ili jua limguse shavu moja.

"Sema chochote," alimwambia. "Napima sauti."

"Niseme nini?"

"Kazi uliyofanya kabla ya hii. Usiongopee kinasa sauti, sauti ya mtu mwongo inakuwa nyembamba, inaharibu vipimo."

Hapo Dairekta, aliyewapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa maisha yake yote, aliamini. Akasimulia habari za viza. Akasimulia jino la hakimu alilong'oa siku za udaktari wake. Akaeleza, kwa ufasaha na mikono ikicheza hewani, jinsi alivyomvisha Saruji kilemba cha ukoka na jinsi Godoro alivyolipa mara mbili ili ampige mtu ambaye hatampiga. Kile kitaa chekundu cha kurekodi kwenye kamera hakikuonekana kuwaka, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi. Hakujua kwamba kilikuwa kimefunikwa kwa kipande cha utepe mweusi. Wapiga video za harusi wote hufanya hivyo, wageni wasikakamae mbele ya kamera kama vile wanapigwa picha ya kitambulisho.

Siku moja tu mambo yalitaka kwenda kombo. Ilikuwa zamu ya Saruji, kwenye onyesho ambalo shujaa anapewa habari za kifo cha mama yake. Dairekta alikuwa ameandaa kitunguu. Bosi Saruji alikikataa. Alikaa, akatazama ukutani, akaanza kusema maneno yasiyokuwa kwenye karatasi: kwamba alikuwa anapakua saruji alipopigiwa simu, kwamba alimalizia kwanza kupakua kwa sababu mvua ilikuwa inakuja, na kwamba mpaka leo mvua ikinyesha hawezi kukaa dukani. Machozi yakamshuka juu ya lile taya.

Mkewe, aliyekuja kuleta chakula, alisimama mlangoni na sufuria mkononi. "Miaka ishirini na sita," alisema taratibu. "Sijawahi kumwona hivi."

Dairekta alitaka kusema inatosha, lakini Dada Harusi aliinua kiganja, macho yakiwa kwenye kamera.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Mwisho yakabaki maonyesho. Dairekta alikodi ukumbi Jumapili alasiri, akauza tiketi mtaa mzima, na mpango wake ulikuwa mwepesi kama wa siku zote: taa zikizimwa, mfuko wa makusanyo unatoka na yeye mlango wa nyuma, na stendi ya mabasi iko hatua mia mbili. Watu wakishaona vipande visivyoeleweka na kuanza kung'oa viti, Dada Harusi atajieleza. Ana sauti ya upole, watamwelewa.

Taa zikazimika. Dairekta akaubeba mfuko, akapita ukutani kimyakimya, mkono wake ukagusa kitasa cha mlango wa nyuma.

"Binadamu hadanganywi," ilisema sauti nzito, tamu, iliyojaa ukumbi mzima. "Binadamu anajidanganya, mimi namshikia taa tu."

Aligeuka. Uso wake ulikuwa mkubwa kama nyumba, jua limegusa shavu moja, na ilibidi akiri kwamba hajawahi kuona mtu mzuri vile. Ukumbi ulicheka. Si kicheko cha dharau, ni kile cha watu waliokwisha kumpenda mtu. Akajisemea ataangalia dakika moja tu.

Akaangalia habari za viza. Akaangalia jino la hakimu. Kwenye skrini Saruji na Godoro walitazamana kutoka pande mbili za kiti kilekile, kila mmoja akimtishia mwenzake kwa ushujaa mkubwa, na katikati yao yeye, akiwaeleza watazamaji bei ya kila mmoja. Watu walishika mbavu. Kisha likaja onyesho la Saruji na mvua, ukumbi ukanyamaza, na Bwana Godoro akasikika akipenga kamasi. Basi la saa kumi liliondoka. La kumi na moja pia. Mtu aliyeishi kwa kuwauzia watu sura zao alikuwa amesimama kwenye mlango ulio wazi nusu, amenunuliwa na ya kwake.

Taa zilipowaka, bado alikuwa hapo, mfuko mkononi. Ukumbi mzima ukageuka, ukampigia makofi. Akainama kushukuru. Alipoinuka, Bosi Saruji alikuwa upande wa kulia na Bwana Godoro kushoto, mara yao ya kwanza kusimama pamoja bila kutukanana.

"Mfuko nisaidie, ndugu yangu," alisema Saruji.

"Na mimi nitasaidia polisi kukupata," alisema Godoro, akimshika mkono.

Dada Harusi aliwasogelea, begi la kamera begani. "Msimfunge," alisema. "Michango yenu itoeni humo, iliyobaki ni ya filamu. Ila huyu nampenda kwa kazi. Mimi nina filamu ya pili, na kuomba bado siwezi."

Walitazamana. "Kuna shujaa?" Saruji aliuliza kwa tahadhari.

"Yupo."

"Mmoja?" aliuliza Godoro.

Dairekta akaachiwa, kwa masharti, na jina la Dairekta likamfuata mtaani, sasa likitajwa kwa kejeli kidogo. Sasa ana orodha mfukoni kwa mwandiko wa Dada Harusi: nyumba yenye ngazi za mbao, gari jeusi, paka asiyeogopa watu. Anaamka mapema, anapiga viatu rangi, anagonga milango.

"Shikamoo, mama," alimwambia mwenye nyumba moja hivi karibuni. "Tunatengeneza filamu. Tunaomba ngazi zako kwa siku mbili. Hatuchukui kitu, hatuuzi kitu, tutafagia tukimaliza."

Kila neno lilikuwa kweli. Mama yule alimtazama toka utosini hadi kwenye viatu.

"Wewe nakujua," alisema. "Tena uliigiza vizuri sana." Akafunga mlango, akasukuma na komeo la juu, kisha la chini.

Dairekta alirudisha orodha yake mfukoni, akavuka barabara, akagonga nyumba ya kumi na mbili.