Upepo wa Ngazini Ulioingia Kwenye Kompyuta Yangu

Vitomir Stamenković,
Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto,
Niš, 17 Desemba

Kwa Ndugu Žarko Pejčić,
Mwenyekiti wa Baraza la Wapangaji,
Ghorofa ya kwanza

YAH: DIRISHA LA NGAZINI NA KUHARIBIKA KWA FAILI LANGU

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba umevaa soksi za sufu kama inavyompasa mtu mwenye akili zake kwa baridi hii. Mimi si mzima sana. Nakuandikia kwa taipureta, na kwa hilo tu umeshajua kwamba huku juu kuna msiba.

Unanijua mimi si mtu wa malalamiko. Miaka yote niliyotangaza treni pale stesheni sikuwahi kumlalamikia mtu, isipokuwa jirani wa juu kuhusu kinanda, jirani wa chini kuhusu mbwa, na wewe mwenyewe kuhusu ile taa ya mlangoni. Lakini sasa maji yamezidi unga. Naomba unisikilize kwa mpangilio.

1. Dirisha la ngazini, ghorofa ya tatu, linatazamana na mlango wangu. Kila asubuhi Bi Kosara wa mlango wa kulia, mjane kama mimi nilivyo mgane, hulifungua wazi kabisa na kuliacha. Mtu yeyote aliyezaliwa mji huu anajua matokeo yake ni promaja: ule upepo mwembamba unaoingia huku na kutokea kule, unaokaza shingo, unaopinda mdomo, na uliomuua mjomba wangu Tihomir, ingawa daktari aliandika kwamba ni lori. Upepo huo hupita chini ya mlango wangu, hunigusa magoti, kisha huenda moja kwa moja kwenye kompyuta.

2. Sikukaa tu nikaangalia. Nikisikia mlango wa chini umebamizwa, bam, najua promaja iko njiani. Hapo hapo huruka kitini na kuchomoa waya wa kompyuta ukutani kabla haijafikiwa. Marehemu mama alifanya vivyo hivyo kwa redio wakati wa radi, na redio ile inaimba mpaka leo. Kwa wepesi huo nimeiokoa kompyuta msimu mzima wa vuli, siku nyingine mara nne kabla ya chakula cha mchana. Mzee mwenye goti bovu, anaruka kama mbuzi! Majirani wa chini wanadhani nimeanza mazoezi.

Pamoja na jitihada hizo, Jumatatu niliiwasha ikaniletea kioo cheusi na maandishi meupe: "Kompyuta haikuweza kuwaka kwa sababu faili lifuatalo halipo au limeharibika." Chini yake kulikuwa na maelezo mengine, lakini sikuona haja ya kuyasoma. Mtu akishaambiwa kuna ugonjwa, dawa anaijua mwenyewe.

3. Nikaanza matibabu. Niliifunika kwa blanketi la sufu la marehemu mke wangu Persida. Nikaloweka kitambaa kwenye rakija, pombe yetu kali ya zabibu, ile nzuri, nikakifunga mahali ambapo, kama kompyuta ingekuwa na shingo, shingo ingekuwa hapo. Nikaisogeza karibu na jiko la kuni. Ilianza kuguna, kisha ikanyamaza, nikajipongeza kwamba homa imeshuka. Kwa kidogo kilichobaki kwenye chupa nilijitibu mwenyewe, kwa tahadhari.

Nilimpigia simu mwanangu Mladen, anayeishi Kanada. Akaniuliza, "Baba, umegusa nini?" Nikamwambia sijagusa kitu, imepigwa na promaja. Halafu akasema, "Baba, hebu niambie, huwa unaizimaje?" Swali hilo niliona halihusiani na mada, nikamuuliza hali ya hewa ya kwao.

4. Hapa, Ndugu Mwenyekiti, naacha mzaha. Keshokutwa ni Mtakatifu Nikola, slava yetu, yaani sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa ukoo. Unajua mkate wa slava haugeuzwi na mtu mmoja. Kila mwaka nilikuwa naushika upande huu na Persida upande ule, tunauzungusha, tunaumega, na yeye ananiambia nimezungusha kinyume. Mwaka huu Persida hayupo. Tulipanga na Mladen kwamba yeye ataoka wake huko na mimi wangu hapa, kompyuta ikiwa mezani kati ya ngano ya sikukuu na mshumaa, tugeuze pamoja huku tunaonana. Bila kompyuta nitasimama peke yangu na mkate mkononi kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Naogopa siku hiyo. Nimesema.

5. Nilimweleza Bi Kosara haya yote kwa adabu, pale pale ngazini, nikiwa na skafu mbili. Namnukuu: "Jirani, wewe ukipiga chafya utaushtaki mpaka Umoja wa Mataifa. Ngazi zinanuka kabichi tangu Oktoba. Hewa lazima ipite!" Nikamwambia hewa ipite, lakini isipite kwangu. Akajibu, "Basi hama, maana hewa haina njia nyingine." Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikaingia kwangu. Nilikuwa sijala.

Kutokana na hayo, naliomba Baraza litoe amri zifuatazo. Dirisha lipigiliwe misumari, angalau mpaka Pasaka. Mlango wa chini usifunguliwe hadi milango mingine yote ya jengo ithibitike kufungwa, na mwenye kuthibitisha apige kengele. Wapangaji wapande ngazi polepole, kwa kuwa mtu akienda haraka huvuta upepo nyuma yake, hasa yule kijana mnene wa ghorofa ya nne. Mbwa wa ghorofa ya pili asitikise mkia ukumbini. Na ikiwa hayo hayatoshi, naomba Baraza liiandikie idara ya hali ya hewa kwamba upepo wa kaskazini, ukifika mtaani kwetu, uzunguke nyuma.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Najua kipara changu kinaonekana kutoka ghorofa ya kwanza. Hata hivyo nategemea busara yako.

Nisalimie mama watoto, watoto wote, shemeji yako mwenye mguu mbovu, na wajumbe wote wa Baraza, pamoja na yule aliyepiga kura dhidi yangu. Msalimie na Bi Kosara, ila kwa ubaridi kidogo.

Mimi mpangaji wako mtiifu, niliyejifunika,
V. Stamenković

Nyongeza, 19 Desemba.

Ndugu Mwenyekiti, barua haikukufikia juzi kwa sababu nilipokuwa naifunga bahasha Bi Kosara aligonga. Alisema amesikia harufu ya rakija na sufu inayoungua, akadhani nimekufa, tena nikiwa nimelewa. Aliivua kompyuta blanketi, akavaa miwani, akasoma maandishi mpaka mwisho. Kumbe mstari wa pili ulisema faili linaweza kutengenezwa, nitie diski iliyokuja na kompyuta na kubonyeza herufi moja. Akauliza diski iko wapi. Ilikuwa inaning'inia kwa uzi kwenye roshani, inatisha njiwa. Mladen alisema niitunze, nami nilikuwa naiona kila siku.

Akaiosha kwa siki. Kisha naye akauliza huwa naizimaje, nikamwonyesha. Alijishika kichwa: "Ole wangu, jirani! Promaja haijui hata soketi iko wapi. Faili umeliua wewe, kwa mkono wako!" Kompyuta ilikuwa bado inajitengeneza mlango wa chini ulipobamizwa. Niliruka. Bi Kosara alikuwa ameshaweka kiti mbele ya soketi na kukikalia, mwiko mkononi, na kidole changu bado kimevimba.

Kwa hiyo misumari haihitajiki. Futa na kengele, na mkia wa mbwa.

Leo mchana Mladen alitokea kwenye kioo na mkate wake, umeungua upande mmoja. Upande wa pili wa mkate wangu aliushika Bi Kosara, kwa mkono mmoja tu, wa pili ukilinda waya. Aliniambia nimezungusha kinyume. Nililia, Mladen naye akalia, na Bi Kosara akafungua dirisha, akasema ni moshi wa samaki wa sikukuu jikoni. Nimekaa kwenye promaja yenyewe, bila skafu. Jumapili Mladen atapiga tena, na Bi Kosara amesema atakuja kukalia soketi.