Pembe Niliyomficha Miwani

Jumatatu, 3 Machi
Nimeipata! Wiki sita nabandika utando wa fuwele juu ya mwenzake, tando nyembamba kuliko unywele uliopasuliwa mara elfu. Kila mmoja hupitisha mwanga upande mmoja kwa hiari, upande mwingine kwa kinyongo. Leo nimeuzungusha wa juu kwa pembe fulani. Mwanga ukaacha kutawanyika, ukanyooka kama uzi! Pembe yenyewe siiandiki hata humu. Ijumaa Profesa anaamua mkataba wa nani uendelee, wangu au wa Miwani, mtafiti mwenzangu wa meza ya pili. Kaniuliza nacheka nini. Nikasema nimekumbuka harusi ya binamu yangu. Kwa nini aulize?

Jumanne, 4 Machi
Kwenye daftari la maabara nimeandika digrii arobaini. Makusudi. Atakayeiba, aibe uongo! Sampuli nimeitia kwenye kijisanduku, juu nikaandika MBOVU.

Jumatano, 5 Machi
Miwani kaniletea chai. Ati ana jambo la kuniambia. Nikasema nina haraka. Chai nimelimwagia ua la dirishani. Dada yangu, kwenye simu, kasema pengine mwenzangu ana roho nzuri tu. Dada naye! Nani kamtuma?

Alhamisi, 6 Machi
Fundi wa maabara kasafisha kabati. Kila kilichoandikwa MBOVU katupa. Balaa! Nikaanza upya. Ilikuwa sitini na tatu? Thelathini na sita? Kichwa kitupu. Mwanga unatawanyika kama kuku walioona mwewe.

Ijumaa, 7 Machi
Profesa kaniita mbele ya wote, nieleze. Kikohozi kikanishika. Miwani akasimama. Mwizi huyo, kajitokeza!

“Kaka, mbona jibu unalo ila hulisemi?”

Akawasha kompyuta. Picha ya tando niliyopiga Jumatatu ilibaki kwenye hadubini. Kaihifadhi kwa jina langu, na pembe chini yake: sitini na tatu. Ndiyo habari aliyonijia nayo na chai. Profesa kafurahi, mikataba yote miwili inaendelea. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwomba radhi. Akacheka, akasema yamekwisha.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeapa kuacha dhana mbaya. Saa tatu asubuhi kaja mtafiti mgeni. Kanisalimia kwa tabasamu pana, akauliza choo kiko wapi. Anaanza na choo, ataishia kwenye digrii. Nimemwelekeza stoo.