Meli, Matumbawe na Josho la Endarasha

Jumatatu, 24 Novemba

Leo nimekuwa mzamiaji wa baharini. Ilitokea ghafla tu, kabla ya chai ya saa nne.

Gaceri alikuja dukani kuchukua dawa ya kupe. Gaceri ndiye afisa wetu wa mifugo hapa Endarasha. Nikimwona husahau hata majina ya dawa, na mimi ndiye mwenye agrovet, duka la dawa za mifugo! Akasema kikundi chetu cha wafugaji kinaenda Diani sikukuu ya Jamhuri, na kampuni fulani ya huko itatuteremsha chini ya bahari na mitungi ya hewa mgongoni. Wawili wawili. Akasema yeye maji humtia hofu, hata ya mto, na atashuka tu akishikwa mkono na mtu mwenye uzoefu.

Kinuthia alikuwa mlangoni. Huyu ana duka la dawa ng'ambo ya barabara na huja kwangu kuchungulia bei. Akafungua mdomo. Nikamwahi! Nikasema mimi Mwai nimezamia mara nyingi mpaka samaki wananijua. Gaceri akaniangalia vile sijawahi kuangaliwa tangu nizaliwe.

Sijui kuogelea. Lakini huo si uongo. Ni uzoefu ambao bado haujafika.

Jumatano, 26 Novemba

Kampuni imetuma picha kwenye WhatsApp ya kikundi. Tuchague sisi wenyewe. Kuna matumbawe: maji mafupi, samaki wa rangi, hata nyanya anaweza. Ama kuna meli iliyozama: maji marefu, giza, mambo makubwa. Nikasoma maandishi madogo mpaka chini kabisa. Ngai mwema! Kwenye meli haruhusiwi mtu asiye na cheti.

Mpango umekuja wenyewe. Tuchague meli. Tufike. Tukatazwe wote. Mimi nihuzunike kuliko wote, nipige meza, niseme laiti ningekuja na cheti changu. Halafu nikae kwenye boti na Gaceri tukila sambusa. Sifa yangu kavu, suruali yangu kavu.

Kinuthia ameanza kampeni ya matumbawe. Anaambia akina mama ati kuna samaki wenye mistari kama pundamilia. Amenunulia watu mandazi. Ushamba mtupu! Kuhonga watu na mandazi!

Mimi nimenunua mandazi na soda.

Jumamosi, 29 Novemba

Siku ya kura, nyumbani kwa Magdaline, mwenyekiti wetu. Maombi yalikuwa marefu. Mwenzetu Wakiuru aliombea mpaka matairi ya basi.

Kinuthia akasimama na picha za samaki, kubwa, zimepigwa plastiki juu. Akina mama wakasema waaah. Nikaona meli yangu inazama mara ya pili. Nikaruka juu. Nikasema samaki wa kutazamwa ni wa nini, si hata kwenye mabwawa ya Kiganjo wako? Lakini meli! Meli hiyo ilizama na shehena nzima ya sufuria.

Sijui sufuria zilitoka wapi. Nilizisikia tu zikitoka kinywani mwangu. Magdaline akavua miwani, akauliza ni sufuria za aina gani. Nikasema zile nzito za zamani. Akauliza kama ziko na vifuniko. Nikasema mpaka vifuniko.

Meli ikashinda vibaya sana. Wakiuru akataka kujua kama mtu anaweza kuzamia akiwa na gunia. Gaceri pia aliipigia meli kura, lakini akanieleza pembeni kwamba si sufuria zilizomvuta. Alisema akiwa na mimi hata giza la chini ya bahari ataliweza.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Kinuthia alibaki akikusanya samaki wake.

Jumatatu, 1 Desemba

Kinuthia ni nyoka.

Amewapigia kampuni simu. Wakamwambia kuna meli nyingine, ndogo, ilizamishwa kwa makusudi ili wanafunzi wajifunzie. Cheti hakitakiwi. Mnafundishwa kidogo kwenye kidimbwi cha hoteli, halafu kila mtu anashuka. Kila mtu! Kinuthia ametangaza haya kwa kikundi, na chini yake ameweka picha ya mikono ya kuomba. Magdaline akauliza kama hiyo ndogo pia iko na sufuria. Nikajibu zilihamishiwa huko. Wueh.

Halafu Gaceri ameniandikia mimi peke yangu. Ati ameshalala usingizi mzuri kwa sababu anajua nitamshika mkono. Nilisoma mara tatu. Huyu msichana ataingia bahari ya Mungu akimtegemea mtu ambaye huoga kwa karai.

Kwa dakika moja nilitaka kumwambia ukweli. Dakika ikapita.

Jumatano, 3 Desemba

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nimeamua kujifundisha.

Vifaa viko tayari. Miwani ya kuzamia nimeitoa kwa mitumba Nyeri mjini, ya bluu, ina bata kwenye pua. Nadhani ni ya mtoto. Inanibana mpaka macho yanakaribiana, lakini haipitishi hewa. Mtungi ni pampu mpya ya kupulizia viazi dawa, ile ya kubeba mgongoni, nimeitoa kwenye rafu asubuhi. Nimeipiga hewa mpaka ikaguna. Gambuti za mpira za kunivuta chini. Kampuni gani inaweza kunishinda?

Kilichobaki ni bahari. Mto una baridi na una mawe. Bwawa la Mzee Mburu liko karibu na nyumba yake, na Mzee Mburu ni mdomo. Halafu nikakumbuka josho la ng'ombe! Ni mfereji wa saruji, mrefu, mwembamba, na kina chake kinameza fahali. Wamelisafisha jana na leo limejazwa maji safi. Dawa haitiwi mpaka kesho Gaceri akifika. Na ufunguo wa lango uko kwangu, kwa sababu mimi ndiye huleta dawa.

Wengine hulipa kwenda Diani. Mimi bahari nimeletewa Endarasha.

Alhamisi, 4 Desemba

Naandika nikiwa ndani ya blanketi.

Nilifika jua likichomoza. Nikavaa kila kitu. Nikaingia kwa ngazi za upande wa kutokea. Maji ya Endarasha hayana huruma, yametoka mlimani juzi tu! Nikaweka bomba mdomoni, nikajilaza.

Pampu ikakataa kuzama. Mgongo ukaenda juu, uso ukaenda chini. Gambuti zikajaa maji zikavuta miguu. Hewa yote ikatoka mara moja, pfff, na ilikuwa na ladha ya mpira. Nikawa naelea katikati ya josho, makalio kwa Mungu, siwezi mbele, siwezi nyuma.

Nilikuwa nimesahau kufunga lango. Na Mzee Mburu hupenda ng'ombe wake watangulie, hata kama hakuna mashindano wala dawa. Rosa, ng'ombe wake mkubwa, akaruka ndani kama alivyozoea. Wimbi likanigeuza. Nikaona tumbo la Rosa likipita juu yangu, nikashika kilichokuwa karibu. Ulikuwa mkia.

Mzee Mburu haoni vizuri. Alikuwa pembeni na ule mti wenye panda wa kuzamishia vichwa. Akaona kichwa, akakizamisha. Nikaibuka, akakizamisha tena, akinung'unika ati lazima kiingie chote, kupe hujificha masikioni.

Nikatoka kule kule nilikoingilia, nikivutwa na Rosa ngazi kwa ngazi, na pampu mgongoni na bata kwenye pua. Huko nje kulikuwa na wafugaji wote wa josho la Alhamisi. Kulikuwa na Kinuthia, simu juu. Na mbele ya wote, Gaceri.

Alinitazama kutoka bata mpaka gambuti. Kisha akamuuliza Mzee Mburu huyu ndama alimnunua lini.

Nilitamani saruji ipasuke inimeze.

Ijumaa, 5 Desemba

Video imefika mpaka Kiriaini. Binamu yangu wa huko ameniuliza kama niliponywa kupe. Kinuthia ameitia muziki.

Sikufungua duka. Gaceri akaja akagonga mpaka nikafungua. Nikamwambia yote, nikiangalia sakafu: sijui kuogelea, bahari naijua kwa picha ya kalenda, sufuria hazipo. Nikamwambia aende na Kinuthia, angalau Kinuthia anajua kuelea. Hilo ndilo neno gumu kuliko yote niliyowahi kusema.

Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe. Akasema Kinuthia atamshika mkono akimfundisha kila hatua mpaka samaki wakimbie. Mimi nitamshika kwa sababu naogopa. Na yeye anataka mtu wa kuogopa naye. Lakini akanionya: njia ya mwongo ni fupi, nisimdanganye tena. Nimeapa. Nimeapa kwa mikono yote miwili!

Mungu wangu, nina furaha. Nimempunguzia kila mteja bei leo, hata aliyekuja kuuliza njia.

Ijumaa, 12 Desemba. Diani!

Kumbe ile meli ndogo imelala katikati ya matumbawe!

Mambo ni hayo. Kampeni yote ile, mandazi yote yale, na vyote viko mahali pamoja. Matumbawe yameota mpaka juu ya meli. Samaki wa Kinuthia wenye mistari wanaingia na kutoka kwenye madirisha ya meli yangu. Mimi na Kinuthia tuliangaliana tukashindwa kununiana.

Mwalimu wetu ni mama wa Pwani mwenye sauti ya upole. Alitufunza kidimbwini mpaka nikaacha kupiga kelele. Halafu tukashuka, mimi na Gaceri, mkono kwa mkono. Alinibana vidole, nami nikambana. Nikasikia pumzi yangu, hoooo, hoooo. Samaki mmoja wa manjano akaja akaniangalia usoni kama mteja. Gaceri akaanza kucheka chini ya maji, mapovu yakapanda juu, nami nikacheka, tukabaki hapo tukitoa mapovu tu. Sijawahi kuwa na furaha namna hiyo, hata siku nilipofungua duka.

Tulipotoka, Magdaline alikuwa kwenye boti na gunia tupu. Alikuwa amemuuliza mwalimu sufuria ziko upande gani. Hajasema na mimi tangu hapo.

Jumapili, 14 Desemba

Tumerudi. Gaceri amesema nikaonane na watu wao huko Meru baada ya Krismasi. Nimefika nilikotaka! Amempigia baba yake, Mzee Kiambi, akanipa simu.

Mzee ana sauti nzito lakini ni mtu mzuri. Akaniambia kwao mchumba haji mikono mitupu, huja na asali. Akauliza nitaipata wapi asali safi siku hizi za sukari. Angalieni vile aliuliza, kama mtu asiyeniamini! Nikamwambia asijali kabisa. Nikamwambia mimi nyuki ni watu wangu, huwa narina asali mwenyewe, mikono mitupu, bila moshi.

Mzee alifurahi sana. Ana mzinga mmoja juu ya mti, nyuki wake wakali, majirani wameshindwa nao. Ameita wajomba wote wa Gaceri waje waone nikiupanda.

Sijawahi kukaribia mzinga. Lakini niliapa sitadanganya tena, na sijadanganya. Ni uzoefu ambao bado haujafika.

Miwani ya bata bado iko. Nimeijaribu jioni hii. Haipitishi hewa, sembuse nyuki.