Mtaalamu wa Wajerumani

Jumatatu, 4 Machi
Tangazo limebandikwa! Idara ya Kijerumani inapeleka mwanafunzi mmoja Ujerumani, muhula mzima. Mmoja tu! Yaani mimi. Mpinzani wangu ni Miwani, yule binti wa kiti cha mbele anayesoma hadi vitabu ambavyo hatukuagizwa. Simwogopi. Yeye anajua sarufi, mimi nawajua Wajerumani wenyewe: hawacheki ovyo, hawachelewi hata dakika moja. Nimeshamwambia shangazi anishonee koti zito. Kauliza kama nimeshachaguliwa. Nikamjibu hayo ni mambo madogo.

Jumatano, 6 Machi
Kuanzia leo naishi Kijerumani. Nimebandika ratiba jikoni: chakula saa kumi na mbili na nusu jioni, basi. Mama kachelewa kupakua, nikamwonyesha saa. Kaniambia hiyo saa ndiyo inipikie. Nimelala njaa, ila kwa wakati!

Alhamisi, 7 Machi
Koti limekwisha! Nimelivaa chuoni kutwa. Jasho chapachapa. Mhadhiri kaniuliza kama naumwa, nikasema najizoesha. Miwani kajifungia maktaba, eti anasoma jinsi Wajerumani wanavyobishana wenyewe kwa wenyewe kuhusu nani hasa ni Mjerumani. Maskini! Si jibu linajulikana?

Ijumaa, 8 Machi
Usaili saa mbili kamili. Nimefika saa moja na robo. Mgeni wetu kutoka Ujerumani, profesa mwanamke, kaingia saa mbili na dakika arobaini! Anahema, anacheka kwa sauti, shati halijapigwa pasi. Kamkumbatia hata mfagiaji.

Moyo ukaruka kwa furaha. Mtego! Idara imetuletea Mjerumani bandia ili kutupima! Miwani kaitwa kwanza, nikawasikia wakicheka pamoja nusu saa nzima. Kanasa, nikajisemea.

Zamu yangu, sikungoja swali. Nikamnyooshea kidole, nikatangaza mbele ya wote kwamba huyu mama si Mjerumani, na ushahidi ninao: saa, shati, kicheko. Mkuu wa idara kajifunika uso. Wameumbuka! Mgeni kaniuliza taratibu, Mjerumani halisi yukoje basi. Nikamweleza dakika kumi. Kaandika kila kitu!

Jumatatu, 11 Machi
Kachaguliwa Miwani. Nimelia, sifichi. Mkuu wa idara kanieleza kwamba mgeni kazaliwa Ujerumani, kakulia huko, na huko huko anafundisha somo la utambulisho wa Wajerumani. Siku ile basi lake liliharibika njiani, ndiyo maana akachelewa.

Jioni Miwani kaja nyumbani kunipa pole. Shangazi kampa koti langu. Mbele ya macho yangu! Na limemkaa vizuri, ndicho kinachoniuma.

Lakini nimetafakari, na sasa nimeona kosa liko wapi. Nimeandika rufaa, kurasa nne. Nimesema kama profesa yule kweli ni Mjerumani, basi anakosea namna ya kuwa Mjerumani, na anahitaji mtu wa kumwelekeza. Najitolea kwenda! Nimemwambia shangazi aanze koti lingine, safari hii liwe na manyoya shingoni.