Land Rover Haivuti, na Mbeleko Haionekani

Jumatatu, 15 Julai 1996
Gari imenigomea kilima kidogo cha kutoka sokoni. Gia ya kwanza, mguu mpaka chini, na bado mwanamke mwenye ndoo kichwani akanipita. Akanisalimia! Moshi mweusi kama wa tanuri la tofali. Na Jumamosi nampeleka Generosa, binti yangu wa pekee, kwa mumewe, kijijini Mwamkulu. Nimeapa mbele ya wakwe kwamba ataingia kwa Land Rover ya baba yake. Masunga, baba wa bwana harusi, alijibu kwa upole kwamba gari ikichoka, ng'ombe wake na mkokoteni wapo. Upole wa namna hiyo unauma.
Vumbi halihusiki. Mwezi wa sita niliuziba mdomo wa injini wa kuvutia hewa kwa kitambaa kigumu, tabaka tatu. Wengine hawana akili hiyo.

Jumanne, 16 Julai
Ni dizeli chafu! Nimeimwaga yote na kuichuja kwa chujio la chai. Skolastika, mke wangu, kauliza chujio lake liko wapi. Tena anatafuta mbeleko aliyombebea Generosa. Kwao, mama humkabidhi binti siku ya kuondoka. Nimemwambia aulize kwa dada yake Imakulata, yule ana mkono mrefu. Gari ni ile ile.

Alhamisi, 18 Julai
Ni uzito! Nimetoa tairi ya akiba, viti vya nyuma na milango miwili. Nimerudi nikisukumwa na wanakwaya waliotoka mazoezini, wakiimba. Skolastika anasema nimwite Dieudonne, fundi wa Katumba. Nitamwitaje? Mwaka jana nilimwambia mbele ya watu kwamba fundi ni wa wasiojua kufikiri.
Jioni Generosa kanikuta nimekaa garini. Akasema hata mkokoteni ni sawa, yeye anataka tu baba awe pembeni yake wakifika. Nyumba itapoa sana bila mtoto huyu.

Ijumaa, 19 Julai
Nimemeza kiburi. Dieudonne hakugusa pampu wala nozeli. Aliwasha, akasikiliza, akauliza nani kaiziba pumzi. Akafungua boneti na kuvuta kitambaa kirefu, cheusi tii. Injini ikanguruma kama enzi zake! Nikageuka kushangilia, kumbe Skolastika yuko nyuma yangu, kashika kiuno. Maua mekundu ya ukingoni nikayatambua na mimi, nimechelewa.
Aliichukua mbeleko, akakaa kizingitini, akaifua mpaka jua likazama. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 20 Julai
Vilima vyote kwa gia ya tatu! Masunga mwenyewe kapiga makofi. Skolastika alimfunga Generosa mbeleko mabegani, madoa ya mafuta yanaonekana. Generosa akainusa, akacheka, kisha akalia, akasema inanuka baba. Nami nikalia. Nikasingizia vumbi.
Na vumbi lilikuwepo kweli, jamani! Njia nzima ya kurudi nimefikiri. Dieudonne ni fundi mzuri, lakini kaacha mdomo wa hewa wazi kabisa. Wakwe walimpa Skolastika kitenge kipya, kizito, naye kakisahau kwenye kiti. Nimekikunja tabaka nne. Kimeingia barabara.