Kutikisa Seli Barabara ya Gatuanyaga

Jumatatu, 3 Machi 2025

Emmah, andika. Wewe mjukuu wangu unajua kuandika, mimi najua kuongea.

Jana Njau, kijana wangu, amekuja kutoka Ruiru akanikuta nimekaa chini hapo nje ya mlango. Sikuanguka. Nilikaa haraka. Lakini ameshaamua. Ijumaa ni kliniki, na daktari akisema miguu imeisha, natoka hapa mtaa wa Landless naenda kukaa kwake, ghorofa ya tano. Huko kila jirani ni mlango imefungwa. Nitaongea na nani, friji?

Nduku, mama Muoki, tunatenganishwa na ukuta tu. Amesema pole. Kisha akauliza nikienda nani atabaki na kamba yangu ya nguo, hiyo ya kwa jua.

Jioni nikauliza Emmah, kwani uzee ni nini. Anasoma mambo ya mwili huko koleji. Akasema mwili ni seli, vitu vidogo huwezi ona, na ndani ya kila seli kuna wafanyakazi. Mmoja anatoa nguvu. Mwingine anatengeneza vitu, mwingine anamaliza takataka. Ukiwa kijana wanaguzana, wanapeana habari. Ukizeeka mawasiliano inaharibika. Wengine wanaachana, wengine wanashikana sana mpaka wanaumizana, na takataka inabaki hapo. Nikaelewa mara moja. Ni hii ploti yetu ya vyumba vya kupanga.

Jumanne, 4 Machi

Sikulala vizuri, nilikuwa nafikiria. Nimepata.

Kama hao wafanyakazi wa seli hawaguzani, wasukumwe. Gunia ya maharagwe ukiitikisa, si maharagwe zinakaribiana? Na mahali pa kutikisa mtu ni barabara ya Gatuanyaga.

Emmah huniita cucu, yaani nyanya. Akasema cucu, hapana, seli si maharagwe. Ati kinachosaidia ni kutembea kidogo kila siku. Nikamwambia kutembea ndio kumenishinda. Nitatembeaje na hao bado hawajaongea?

Amenuna. Andika tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeenda. Mbuvi wa bodaboda alinibeba. Nikamwambia apite kwa mashimo. Akasimamisha pikipiki akanigeukia, akasema watu wote wanamuomba ahepe mashimo, hajawahi kubeba mtu wa kuyatafuta.

Vumbi, mama. Nilikula vumbi ya kutosha kupanda viazi. Lakini nikasikia joto kwa kiuno, nikajua wameanza kusalimiana.

Kurudi, miguu ikakataa kabisa. Mbuvi akanishusha kama mtungi wa gesi. Nduku alikuwa anaanika nguo, kwa kamba yangu, na mimi bado niko. Akauliza natoka wapi. Nikasema matanga. Akauliza ya nani. Nikasema bado hajakufa vizuri.

Akapigia Njau simu.

Alhamisi, 6 Machi

Siwezi kukaa. Nimekula nimesimama kama ng'ombe. Njau amesema nianze kufunga nguo.

Nduku ameleta uji, nafikiri roho ilimsumbua. Pia tembe yake ya presha, kama kawaida. Yangu nameza asubuhi, yake jioni, tangu Krismasi. Mbili inashinda moja.

Hapo Emmah ameacha kuandika akaniangalia. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 7 Machi

Emmah amenisemea kwa daktari. Mbele yangu.

Daktari ni msichana, ana upole, lakini aliposikia akaweka kalamu chini. Akasema shosho, miguu yako ni mzima. Presha ndio imeshuka sana, kwa sababu unakunywa dawa ya watu wawili. Ndio unapata kizunguzungu. Niache ya Nduku. Ya seli nikamuuliza pia. Akasema ni kweli zinazeeka, lakini haziendi Gatuanyaga.

Njau akauliza kama ni lazima nihame. Daktari akasema hakuna haja.

Nilishusha pumzi mpaka kitambaa ikatoka kwa kichwa. Njau pia alishusha. Najua Ciku, bibi yake, alikuwa ameshatoa televisheni kwa hako karumu, kachumba ka kunilaza, na uso yake ilikuwa mbaya.

Nduku kusikia, akaketi kwa ndoo akalia, ati alifikiri ananisaidia kumbe ananimaliza. Kisha akasema afadhali nimebaki, sauti yangu kwa ukuta ndio inamwamsha asubuhi. Tukacheka. Nimelala kama mtoto.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimesimama nyimbo zote kanisani bila kushika kiti. Wamama wakanizunguka nje, wakauliza siri.

Nikawaambia Gatuanyaga.

Emmah anataka niseme ile tembe. Hiyo ni kitu kidogo. Tembe niliacha Ijumaa, pikipiki nilipanda Jumatano. Nani alianza?

Wote wanataka. Akoth wa kwaya amesema goti yake haijaongea tangu mwaka jana. Lakini boda inabeba mmoja, kwa hivyo nimeongea na Mutisya mwenye trakta. Ana trela. Haina springi hata moja.

Tunaenda Jumatano. Nduku ameuliza kama anaweza kubeba mto wa kukalia. Nimekataa. Mto utazuia mawasiliano.